Bambo na Kompyuta Ishirini

Kabla sijasema lolote kuhusu shemeji yangu, niseme kwanza kwamba nampenda. Naliweka mapema kwa sababu huko mbele nitamsema kidogo, na sitaki mtu adhani nina kinyongo naye. Sina. Kilichonipata mikononi mwake nilikifuata mwenyewe, kwa miguu yangu, nikiwa nimenyoa ndevu na kujipaka manukato.

Ni dada mkubwa wa mke wangu. Wazazi wao walifariki mapema, yeye ndiye aliyemlea mke wangu na kumsomesha, kwa hiyo nilipokwenda kuposa ndiye niliyekalishwa mbele yake. Nilivaa suti ya kuazima na viatu vilivyong'aa. Akanisalimia vizuri, akanikaribisha ndani, kisha akaniomba kwa upole nivue viatu. Nikadhani ni kwa ajili ya zulia. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilikuwa kimechomoza nje kusikiliza mazungumzo. Akakitazama kwa muda, akasema, "Juu mpya, ndani tundu. Haya, kaa." Mke nilipewa, lakini tangu siku ile nilijua kwamba mama huyu haridhiki na kitu mpaka akione kwa ndani.

Kazini kwake hakuna anayemwita kwa jina. Wanamwita Bambo, mbele yake na nyuma yake, naye huitika. Jina hilo alilipata ujanani, alipokuwa akipokea nafaka kwenye ghala. Bambo ni kile chuma chenye ncha na mfereji ndani, unachokidunga kwenye gunia ili uchote punje za katikati bila kulifungua. Wauzaji walikuwa na mchezo wao. Juu ya gunia maharage yanacheka, katikati ni pumba, mawe na maharage yaliyotobolewa na wadudu tangu enzi za babu. Tena walikuwa wanakuchagulia gunia la kudunga: hili hapa, mama, dunga hili. Yeye hakudunga lile aliloonyeshwa hata siku moja. Alipanda juu ya rundo na viatu vyake vya mpira, akashuka upande wa pili, akadunga la katikati. Wapo waliogeuza lori getini waliposikia kwamba zamu ni yake.

Alipohamia stoo ya chuo cha ufundi, bambo lenyewe aliliacha ghalani lakini mkono ulibaki na mazoea. Debe la rangi alilichovya fimbo mpaka chini kuona kama ni rangi au ni maji yaliyotiwa rangi. Kamba aliinyoosha uani na kuipima kwa mikono, pima baada ya pima, huku mwuzaji akimfuata nyuma akimwapia. Kufuli alizijaribu zote, kila moja na funguo zake. Misumari tu ndiyo hakuihesabu, aliipima kwa mizani, kwa sababu hata yeye alikuwa na mipaka yake. Kisha aliandika kwenye daftari lake kubwa lenye jalada gumu, kwa mwandiko wa kulala, na akishaandika, imeandikwa.

Alikaa kwenye stoo hiyo miaka ishirini na tisa. Katika miaka hiyo yote hakuna mwalimu aliyerudi dirishani kwake kusema kitu alichokipokea kilikuwa pungufu. Hakuwa na cheo, hakuwa na gari, na ofisi yake ilikuwa na dirisha moja linalotazama choo. Alichokuwa nacho ni hiyo sifa, na Ijumaa ya wiki ninayoisimulia alikuwa anastaafu. Alitaka atoke nayo nzima.

Sasa nije kwangu. Mimi ni fundi na mwuzaji wa kompyuta, duka langu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Chuo kilitangaza zabuni ya kompyuta ishirini, nikaomba kama wengine, nikapata. Naapa hapo sikupindisha kitu, na shemeji hakuwa na sauti katika kuchagua. Lakini midomo ya watu haina kufuli. Pale chuoni wakaanza kunong'ona kwamba sasa tutaona, wengine wamehesabiwa mpaka vijiti vya kiberiti, mzigo wa shemeji yake utapita umefunikwa. Yalimfikia. Akaendelea kupanga mafagio.

Nami nilikuwa na matumaini yangu ya siri, nayakiri hapa. Kompyuta haina pa kudungwa bambo. Imefungwa kwa skrubu, na juu ya skrubu pana karatasi ndogo ya mtengenezaji, ukiichana dhamana imekufa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, nilijiambia, shemeji atalazimika kuamini kibandiko.

Na kwa nini hilo linifurahishe, mtu mwenye mali safi? Swali zuri. Mzigo ule niliununua kwa mwenye duka la jumla niliyekuwa simjui, kwa bei nzuri kupita kiasi. Kila kasha lilikuwa na kibandiko cha fedha kinachosema memori giga nane, kama chuo kilivyoagiza. Kwa asiyejua, memori ya kompyuta si kabati la kuhifadhia vitu, ni meza ya kufanyia kazi. Meza ikiwa finyu, mashine hupanga na kupangua, na wewe unabaki kutazama kile kiduara kinachozunguka mpaka unasahau ulitaka nini. Giga nane ni meza ya kusomea. Giga nne ni kigoda. Vibandiko vilisema nane, nami nikavisoma vyote ishirini kwa makini, halafu nikapakia gari.

Jumatatu saa tatu asubuhi nilikuwa stoo. Mkuu wa chuo alikuwepo pia, na simu yake mkononi tayari kupiga picha, kwa sababu Ijumaa hiyohiyo wageni walikuwa wanakuja kufungua chumba kipya cha kompyuta na kumuaga shemeji kwa pamoja, ili gharama iwe moja. Alikuwa na haraka ya ajabu. Akamwambia shemeji atie sahihi tu, mletaji si mtu wa nyumbani? Shemeji akamjibu kwamba kalamu anaitafuta, na kwa kuwa ilikuwa imechomekwa kwenye nywele zake, tulimwona sote akiitafuta kwa utulivu mkubwa kwenye droo.

Wakati anaitafuta, akawa ananiuliza maswali. Eti hii nyeusi ndiyo kompyuta, au kompyuta ni ile ya kioo? Eti umeme ukikatika maandishi yanakwenda wapi? Nikamweleza kwa subira, nikajisikia mwalimu. Nikamvisha kilemba cha ukoka, nikamwambia kwa umri wake anaelewa haraka sana. Mkuu wa chuo alicheka. Shemeji pia alicheka, na hapo ndipo mwanamume mwenye akili angeanza kuogopa.

Akaniomba niwashe moja ili naye aione ikifanya kazi kabla hajastaafu. Nikachukua iliyokuwa juu kabisa ya rundo, nikaiunganisha na skrini na kibodi pale kaunta, ikawaka vizuri. Akaipongeza. Halafu akanyoosha kidole katikati ya rundo na kusema, "Sasa nipe ile."

Nikamwambia zote ni sawasawa. Akasema hata maharage yalikuwa yanafanana. Nikamkumbusha kwamba hizi hazifunguliwi, dhamana itakufa.

"Nani kasema nafungua?" akauliza.

Nikaishusha ile ya katikati, nikaiwasha. Alivaa miwani yake. Kisha kidole chake kimoja kikaenda kwenye kitufe chenye alama ya dirisha, na kingine kikasafiri mpaka pembe ya juu kulia ya kibodi, kwenye kitufe kile ambacho watu wengi huzikwa bila kukibonyeza. Akavibonyeza pamoja. Ukafunguka ukurasa ambao kompyuta yenyewe hujieleza: jina lake, akili yake, na memori iliyofungwa ndani yake. Shemeji alifuata mistari kwa kidole, polepole, akafika kwenye memori, akasimama.

"Nne," akasema. Hakupandisha sauti hata kidogo.

Mkuu wa chuo aliishusha simu. Mtu anapokamatwa na ukweli huwa ana nafasi ya kunyamaza, lakini mimi mdomo wangu hauna breki. Nikasema kompyuta za kisasa zina utaratibu wao, memori nyingine huwa imelala, hii ikichoka ndipo ile huamka.

"Iamshe," akasema shemeji.

Nikasema haiamshwi, huamka yenyewe. Akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Akabonyeza vitufe vingine vitatu kwa pamoja, kwa mkono wa kushoto peke yake, huku wa kulia ukichomoa kalamu kwenye nywele. Ukatokea ukurasa mwingine wenye michoro ya mawimbi, na chini yake maandishi madogo ya nafasi za kuchomeka memori. Akayasoma kwa sauti ili mkuu wa chuo asikie: nafasi mbili, iliyojaa moja. Akaniuliza huyo anayelala analala wapi, maana kitanda cha pili anaona kiko kitupu.

Nikajaribu mlango wa mwisho. Nikasema hizi programu za kukagulia huwa zinakosea. Akakubali kwamba kila kitu hukosea, akaniomba niirudishe ile ya kwanza tuone kama nayo itakosea. Nikairudisha. Akabonyeza vitufe vyake. Nane. Nafasi mbili, zilizojaa mbili. Alinitazama juu ya miwani, nami nikainama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Mkuu wa chuo akasema basi, imetosha. Shemeji akasema bado kumi na nane. Nilizibeba zote, moja baada ya nyingine, kuanzia sakafuni hadi kaunta na kurudi, nachomeka, nachomoa, nangoja iwake. Yeye alikaa kwenye kiti chake na daftari. Kila ilipowaka alinitaka nibonyeze mimi mwenyewe, na nisome mimi mwenyewe, kwa sauti. Nne. Nne. Nne. Wafanyakazi walianza kupita dirishani wakiwa na shughuli za ghafla upande wa chooni. Hesabu ilipoisha, zenye giga nane zilikuwa mbili, zile mbili za juu. Yule mwenye duka la jumla aliupanga mzigo wake kama wale wa maharage, na mimi nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia nikamleta kwa mtu wa magunia.

Mkuu wa chuo alipoondoka kwenda kutafuta pa kukasirikia, nilibaki na shemeji. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba mimi ni mume wa mdogo wake, angeniita pembeni kwanza, angenipima kama ndugu.

"Nimekupima kama ndugu," akasema. "Wengine wapo niliowadunga gunia moja tu. Wewe ndiye nisiyeweza kukuachia hata kompyuta moja."

Kisha akaniuliza kama nilijua. Nikasema sikujua. Akanitazama tena, safari hii bila miwani, akaandika mstari mmoja kwenye daftari na kulifunga.

Nilirudi nyumbani na kompyuta kumi na nane na hasira za kuwatosha watu sita. Mke wangu alikuwa kwenye cherehani yake. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, uso wake umefurahi kabisa, kama dada yake amezikagua zote. Nikamuuliza amejuaje kwamba zilikaguliwa.

Ndipo akanieleza. Dada yake alikuja Jumapili, nilipokuwa nimekwenda kutazama mpira, akiwa na kidaftari. Alitaka kujua namna ya kuipima kompyuta bila kuifungua. Mke wangu akamkalisha mbele ya kompyuta yetu mchana mzima, akamwonyesha vitufe, akamwandikia, akamfanyisha mazoezi mpaka vidole vikazoea. Nikamuuliza, sasa nikiwa nafoka, kwa nini alimfundisha mtu kunivua nguo mbele za watu.

Alishangaa. "Watu walikuwa wanasema atakupitisha kwa sababu ya undugu," akasema. "Nikamwambia akupime mbele yao, zote ishirini, mpaka waishiwe maneno. Si nilijua utatoka safi."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Nikamweleza matokeo. Alisikiliza bila kunikatiza, mguu wake ukiwa umesimama juu ya pedali ya cherehani. Nilipomaliza, hakunilaumu kwa giga nne. Alisema jambo moja tu, tena taratibu, kama mtu anayejisemea. Kwamba miaka yote, kila mzigo ukija, tunaukagua wote pale mezani, mimi nasoma namba, yeye anaandika. Huu sikumwita.

Aliyosema ni kweli tupu. Makasha yalilala chumba cha mbele siku tatu, vitufe nilikuwa navijua tangu zamani, muda nilikuwa nao mpaka wa kwenda kutazama mpira. Sikubonyeza. Bei ile ilinifumba macho, nami nikayashikilia yasifumbuke, kwa sababu nilijua kwamba nikiona nitawajibika. Niliona aibu, na si ya kukamatwa. Nilikuwa tayari kumtoa mama yule kazini na sahihi ya uongo mkononi, mtu aliyemlea mke wangu, halafu nijiite nisiyejua.

Siku tatu zilizofuata sizielezi kwa kirefu. Mwenye duka la jumla alinipiga chenga ya kwanza na ya pili, ya tatu nikaweka godoro mlangoni kwake, na nilipoanza kulitandika akapata vijiti kumi na nane vya memori. Dhamana niliibeba mimi kwa maandishi. Nilivichomeka kimoja kimoja, na Alhamisi jioni tukakaa mezani, mimi nikisoma, mke wangu akiandika.

Ijumaa asubuhi nilikuwa dirishani kwa shemeji kabla hajafungua. Viti vya wageni vilikuwa vinapangwa uani. Alikuwa amevaa nguo yake mpya ya kuagwa, na juu yake amevaa koti lake la stoo. Nilimpa karatasi ya mke wangu yenye namba zote. Akaishukuru, akaikunja, akaiweka mfukoni, kisha akaniambia nilete ya kwanza. Tulizipima zote ishirini. Mkuu wa chuo alikuja mara tatu kusema wageni wamefika, na mara tatu aliambiwa wapewe maji. Ya ishirini ilipotoa nane, shemeji alichukua kalamu, akatia sahihi ya mwisho ya kazi yake, bila mbwembwe. Nilifurahi kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kufurahia mzigo wowote niliouza.

Akanigeuzia daftari nitie yangu. Ndipo nikauona mstari wa Jumatatu. Ulisema: Kompyuta 20. Zilizopokelewa 2. Zilizorudishwa 18, memori pungufu. Mletaji anasema hakujua.

Niliusoma mara mbili. Nikafunua kurasa za nyuma, kisingizio ni kutafuta pa kutia sahihi. Rangi ilikuwa na maji. Kamba ilipungua pima nne. Kufuli mbili hazikufunga. Miaka na miaka, kila mstari ulikuwa wa kitu alichokiona kwa macho yake, na hakuna mahali alipoandika kwamba mtu fulani anasema.

"Shemeji," nikamwambia, "hili neno 'anasema' linanichoma. Lifute. Andika tu 'hakujua.'"

"Ya kwenye kompyuta niliyaona kwenye kioo," akasema. "Ya kwako sina pa kuchungulia. Kama wewe unapaona, andika mwenyewe."

Akanisogezea kalamu. Nje walikuwa wanajaribu kipaza sauti. Ningeweza kuandika 'hakujua' na hakuna mtu duniani angenipinga. Daftari lingefungwa, lingewekwa kabatini na mengine, na ingekuwa imeandikwa. Nilishika kalamu mpaka ikapata joto. Kisha nikaandika chini ya mstari wake, kwa mwandiko wangu mbaya wa fundi: Mletaji hakutaka kuangalia.

Alilivuta daftari upande wake, akavaa miwani, akasoma neno kwa neno kwa kidole chake. Nilingoja. Sikujua nangoja nini, labda pole, labda cheko, labda mkono begani.

"Hujaweka tarehe," akasema.